Maswali Ndani ya Gari la Kaka

Ujumbe ulinikuta shambani Robinvale, huku ugenini ninakofanya kibarua, mikono inanata kwa maji ya zabibu. Viza ya mke wangu Mele'ana imekataliwa. Eti alipopigiwa simu na ofisi ya viza alishindwa kujibu mambo ambayo mke yeyote anayajua, kwa hiyo ndoa yetu si ya kweli.

Nilimpigia simu papo hapo, huko kwetu visiwani Tonga.

"Uliulizwa nini kikakushinda?"

"Tulilala wapi mara ya kwanza. Kama tunataka watoto, na kama hatutaki, tunazuiaje."

"Ukajibu nini?"

"Sijui."

"Hujui? Wewe, Mele'ana, hujui?"

"Nilikuwa kwenye gari la Penisimani."

Penisimani ni kaka yake. Kwetu, dada akishavunja ungo hakai tena chumba kimoja na kaka yake, na mambo ya kitandani hayatajwi wakiwa pamoja, afadhali ufe. Siku zote Mele'ana hupanda nyuma ya pikapu, lakini siku hiyo mvua ilikuwa inamwagika, akaingia ndani. Na simu yake ile mbovu husikika kwa spika tu. Mkalimani wa ofisi ya viza akayauliza yote kwa Kitonga safi, kwa sauti ya mhubiri.

"Ungemwambia apige baadaye!"

"Nilimwambia. Akasema ni maswali machache tu. Nikadhani nikisema sijui watayaruka. Feleti, kaka alikuwa analia."

Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Mimi na dada yangu tungekuwa mle garini, ningejibu vivyo hivyo. Nilikaa chini kati ya mizabibu nikalia, msimamizi ananitazama.

Despina, mama wa Kigiriki anayetushughulikia mambo ya viza huko mjini Mildura, hakunibembeleza.

"Viza ya uchumba haiwezekani, mmeshaoana. Ya matembezi hawatampa, watajua anakuja kukaa. Imebaki rufaa. Mlete huyo kaka aeleze alichosikia, na kwa nini dada yake alinyamaza."

"Hawezi, mama."

"We Feleti, unataka mke au unataka adabu?"

Nilitaka mke. Nikameza aibu, nikampigia Penisimani. Tukaulizana habari za mvua, za magimbi, za kanisa, mpaka habari zikatuishia.

"Shemeji, ile siku kwenye gari..."

"Siku gani?"

"Mele'ana alipopigiwa simu."



"Mimi sikusikia kitu, shemeji."

"Penisimani, nakuomba. Tutakaa hivi hivi, yeye huko, mimi huku, mpaka tuzeeke."

"Sikusikia kitu. Na yeyote atakayeniuliza, hata awe hakimu, nitamjibu hivyo hivyo. Dada yangu hakuulizwa neno lolote la aibu mbele yangu."

Shahidi wangu pekee alikuwa anamlinda mke wangu, na kwa kumlinda alikuwa ananinyang'anya mke huyo huyo. Nikamshukuru, kama inavyompasa shemeji, nikakata simu.