Tuonyeshe Ngozi

Ng'ombe uliyemlaza kwa mtu akifa, aliyekuwa anamtunza hukuletea ngozi. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wasukuma, tangu kwa wazee wetu kule Shinyanga, kabla hawajahamia Biharamulo kutafuta malisho. Maneno matupu hayatoshi. Ngozi inakunjuliwa, unamtambua mnyama wako, unasikitika, na ugomvi haupo. Kwa hiyo mdogo wangu Bulugu aliponiletea ngozi, alikuwa amefuata desturi. Mshenzi yule!

Alinikuta kwenye banda langu la chakula pale Nyakanazi, nimeinamia sufuria la wali wa madereva.

"Shikamoo, dada Kwandu. Pole. Yule mwekundu ametutoka."

Akaitua ngozi chini, imekunjwa na kufungwa kamba, akasema ana haraka. Chai hakunywa. Bulugu kukataa chai ya bure! Hapo hapo ningepaswa kujua.

Yule mwekundu alikuwa wangu. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walibeba kila kitu, mpaka mwiko wa ugali. Nikaanza upya kwa kuuza wali, na ng'ombe yule ndiye kitu cha kwanza nilichonunua kwa jasho langu. Pale njia panda, kati ya malori, hafugiki, nikamlaza kwa Bulugu huko Nyamigogo: maziwa yawe yake, ndama wawe wangu. Alikuwa amezaa mtamba mmoja, ambaye alikuwa karibu kupandwa. Hao wawili ndio waliokuwa uzee wangu. Sasa amebaki mmoja, nikajisemea, na machozi yakanitoka juu ya wali.

Wateja walipopungua niliikunjua ngozi ili nimuage mnyama wangu. Rangi ilikuwa yenyewe, nyekundu. Baka jeupe ubavuni lilikuwepo. Nikashuka mpaka tumboni kutafuta mahali pa kiwele. Hapakuwa na kiwele. Ilikuwa ngozi ya dume.

Kwanza nilicheka. Msukuma, mtoto wa zizini, amekwenda machinjioni kununua ngozi ya kunidanganyia, akaangalia rangi tu! Halafu kicheko kikanikauka, maana nilijua kilichomla akili. Miezi yote ile alikuwa haachi simu. Hata akichunga alikuwa anatazama mistari ikipanda na kushuka, ng'ombe wanaingia kwenye mahindi ya watu. Alinisihi nami nijiunge na sarafu za mtandaoni za Mwalimu Ansbert. Nikamwambia mimi mwekundu wangu ananitosha. Kumbe yeye alikuwa amekwisha kupata dawa ya hilo.

Jirani yangu Tecla, muuza vitumbua, alikuwa anavua aproni.

"Bulugu umemwona?" nikamuuliza.

"Si yuko kwenye mkutano wa sarafu, nyuma ya gesti? Nami ndiko ninakokwenda. Amekuja na mtamba, amemfunga pale nje. Anasubiri mnunuzi."

Sikuuliza mtamba wa nani. Niliitupa ngozi begani nikatangulia. 

Nyuma ya gesti nilimkuta mtamba wangu amefungwa kwenye nguzo, anatafuna karatasi. Ukumbini watu walikuwa wamejaa: bodaboda, wauza mahindi, walimu, wafugaji na fimbo zao. Mbele, Ansbert alikuwa amesimama ndani ya suti, jasho linamtiririka.

"Msitoke!" alikuwa anasema. "Soko limeanguka, ndiyo. Lakini anayetoka sasa ndiye anayepata hasara. Wenye akili wanaongeza. Mwenzenu Bulugu hapa leo anaongeza!"

Watu wakapiga makofi. Bulugu akainua mkono, halafu akaniona, mkono ukashuka wenyewe.

Huyu Ansbert hakuwa mjinga. Alipofika mara ya kwanza hakuongea habari za kompyuta. Aliongea ng'ombe. Aliwaambia watu wasihangaike na namba za siri, sarafu wamlazie yeye, kama mtu anavyolaza mifugo kwa rafiki. "Mimi mchungaji tu," alisema, "mali ni yenu." Mahali pengine wangemcheka. Kwetu, mtu akisema hivyo, unamfungulia zizi. Wakampa.

Nilipita katikati ya viti nikaitandaza ngozi miguuni pake. Inzi wakaruka.

"Mama, tafadhali, huu ni mkutano."

"Naona. Sarafu za watu hawa zimelazwa kwako, sivyo?"

"Ndiyo, lakini soko..."

"Sitaki habari za soko. Kama zimekufa, tuonyeshe ngozi. Kama ziko hai, tuonyeshe zizi."

Ukumbi ukacheka, lakini si kicheko cha furaha. Ansbert naye akajichekesha.

"Jamani, mama yetu hajui teknolojia. Sarafu hizi hazionekani kwa macho."

Hapo ndipo aliponikoroga. "Sijui teknolojia? Dereva wa kwenda Rwanda anakula wali wangu, na hela yake inaingia kwenye simu yangu kabla hajapiga gia! Nayo haionekani kwa macho, lakini nikiiita inakuja. Ziite zako zije. Mtolee Tecla zake hapa hapa, hata robo, tuone."

Tecla alisimama, mikono imemjaa unga. "Nitolee, Mwalimu. Hata hasara naikubali. Nataka kutoka."

"Kwa sasa mfumo umefungwa," Ansbert akasema. "Subirini kidogo..."

Mzee mmoja mfugaji akaokota fimbo yake, akatazama ngozi, akatazama suti. "Mchungaji asiyeonyesha ngozi amekula," akasema, akatoka. Viti vikaanza kulia. Wengine walimzingira Ansbert wakimshika koti, wengine walikwenda zao bila neno, na hao ndio walionitia uchungu zaidi. Hakuna aliyeongeza.

Bulugu alibaki amekaa, simu mkononi.

"Ngozi ya nani hii?" nikamuuliza.

"Dada, nilijua zitapanda. Ningemrudisha kabla hujajua."

"Nimekuuliza ngozi ya nani."

"Sijui," akasema. "Niliinunua."

Nilitamani kumpiga, na sioni aibu kusema hivyo. Mtoto niliyembeba mgongoni! Shemeji zangu waliponinyang'anya walikuja mchana, wakanitazama usoni. Huyu amenichukulia mali halafu akanipa pole, akaniacha nimlilie ng'ombe aliyeuzwa.

"Beba," nikamwambia.

Nilimfungua mtamba, nikamshika kamba mwenyewe. Bulugu akanifuata na ngozi begani, tukapita katikati ya stendi. Nyakanazi haikosi watu wa kuuliza. Ukimwona mfugaji na ngozi, unatoa pole.

"Pole, Bulugu," kondakta mmoja akaita toka mlangoni mwa basi. "Ng'ombe gani amekufa?"

Bulugu akanitazama ili nimsaidie. Nikamwambia ajibu mwenyewe.

"Hakufa," akasema. "Nimemuuza. Alikuwa wa dada."

Tulikuwa hatujafika hata kwenye kituo cha mafuta. Kila mtu alipotoa pole, nilimsimamisha mtamba, nikamsubiri Bulugu ajibu.