Maziwa ya Mlima wa Pili

Daktari alirudisha kile kifaa chenye jeli baridi juu ya kifua cha Upepo, akapima tena. Mara ya tatu hiyo, na mtu hapimwi mara tatu ili apewe habari njema. Upepo alikodolea dari macho. Kitini, mkewe alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

Upepo ni jina la barabarani. Miaka ishirini na miwili alisambaza mikate kwa baiskeli, akiimaliza milima yote miwili ya mji kabla watu hawajapiga mswaki. Kisha wafanyakazi wakapimwa afya, moyo wake ukaonekana mkubwa kupita kiasi. Daktari alimfafanulia: moyo wa mtu wa mazoezi hupanuka, kuta zake hunenepa kidogo, nao husukuma damu nyingi kwa pigo moja, ndiyo maana wake ulipiga mara arobaini na mbili tu kwa dakika. Huo ni uzima. Ila upo ugonjwa unaofanana nao sana, na kaka yake Upepo alianguka uwanjani akicheza mpira, asiamke tena. Njia ya kujua ilikuwa kupumzika miezi mitatu. Moyo wa mazoezi ukipumzishwa hupungua. Wa ugonjwa haupungui.

"Haujapungua," daktari alisema. "Hata kidogo."

Mkewe alibisha kwa sauti ndogo. Mume wake amekaa ndani kama mwali, kazi yake kwenda dukani asubuhi kuleta maziwa, basi. Halafu akaanza kulia, na wala hakujificha.

Mficha uchi hazai, lakini huyu bwana alikuwa ameuficha kwenye kidumu cha maziwa. Akainuka, jeli ikimchuruzika tumboni.

"Mama watoto, yale maziwa si ya dukani."

Yalikuwa ya mfugaji wa mlima wa pili, kilomita kumi na saba kwa baiskeli kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu. Alisema miguu ilimwasha. Alisema aliogopa akikaa sana, moyo utasahau kazi.

"Ndiyo maana yalikuwa na povu," mkewe alisema. "Na mimi nakusifu kwa majirani kwamba umetulia."

Daktari alivua glavu taratibu. "Huenda ni mlima, baba. Huenda ni kama kaka yako. Umeninyima njia ya kujua. Tunaanza upya, miezi mitatu."

Nyumbani Upepo aliipindua baiskeli, akachukua spana, akafungua pedali zote mbili. Ya kushoto ilimsumbua. Akampa mkewe zote mbili, naye akazifunga kwenye kitambaa na kuzifungia kabatini.

Kisha mke alikaa karibu naye kwenye kochi, akaweka kiganja kifuani pake. Pigo moja likaja. Alisubiri la pili, na alipokuwa akisubiri, hakupumua.