Pampu Mpya ya Mkwe Wangu

Lori la mkwe wangu lilikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa huo niliupenda kama mtoto wa kuzaa. Lilikuwa haliwezi mafuta machafu. Likinywa dizeli yenye tope au maji, linakohoa, linanung'unika, halafu linazimika katikati ya barabara, wala halitaki kubembelezwa. Mara mbili mkwe wangu alipakia vitanda, masufuria, binti yangu na mjukuu wangu, wahamie mbali huko kwenye misitu ya mbao alikopata kazi. Mara mbili lilizimika njiani, wakarudi wanavutwa kwa mnyororo. Nilitoka mlangoni na uso wa msiba, nikasema, "Poleni wanangu," huku moyoni napiga vigelegele.

Wakaendelea kukaa chumba cha nyuma, na mjukuu akaendelea kulala kitandani kwangu, ananipiga mateke ya mbavu usiku kucha. Sijawahi kulala vizuri vile.

Ile mara ya pili binti yangu alishuka na mtoto mgongoni, akamwambia mumewe mbele yangu, "Sikiliza, bwana. Likizimika tena, mimi siendi. Silali porini na mtoto. Utakwenda peke yako na vitanda vyako."

Neno hilo nililiweka akiba.

Sasa mkwe wangu si mtu wa kushindwa na chuma. Akanunua pampu ya umeme, machujio mawili makubwa na mipira mipya ya mafuta, akamleta fundi mmoja mnene wanayemwita Grisi. Asubuhi vitanda vikapakiwa upya, kisha wanaume wale wakatandika turubai uani kwangu, chini ya kamba yangu ya nguo, wakaingia chini ya lori ikabaki miguu tu.

"Grisi," nikaita, "hicho unachofunga ni nini? Mbona kama chupa ya maziwa?"

"Chujio la kutenga maji hili, bibi. Dizeli ikipita hapa, maji yanazama chini kwenye kikombe hiki cha kioo. Unafungua koki, unayamwaga. Chujio la pili linakamata uchafu. Pampu ya zamani ilikuwa inavuta mafuta kwa kuombaomba. Hii inasukuma."

"Na ikiharibika?"

"Haiharibiki."

"Hata mama yako alisema hivyo siku uliyozaliwa."

Alicheka mpaka spana ikamdondokea kifuani.

Sikuelewa yote. Mimi niliishia darasa la nne, na pampu labda zilikuwa za darasa la tano. Nilichoelewa ni kwamba ugonjwa wangu unapewa dawa. Lakini kile kikombe nilikitazama vizuri, nikaona ni kidogo, cha kunywea kahawa. Nikajiambia, hiki kitatenga matone. Jagi zima hakiwezi.

Walipoingia ndani kula, waliacha tangi bila mfuniko. Binti yangu alikuwa jikoni anawapakulia. Nikachukua jagi la maji ya kunawa, nikaenda na goti langu bovu, polepole, kama mtu anayekwenda kumwagilia mchicha. Tangi liliyapokea bila ubishi.

Grisi alipotoka, vidole vina mchuzi, akalitikisa jagi.

"Bibi, maji yamekwenda wapi?"

"Nimekunywa."

"Jagi zima?"

"Uzee una kiu, mjukuu wangu. Subiri ukufikie."

Basi wakafunga tangi, wakaunganisha waya kwenye betri. Mkwe wangu akabonyeza swichi, pampu ikalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Grisi akalegeza nati kutoa upepo uliokwama kwenye mipira ya mafuta. Binti yangu akaja, akasimama kando, kakunja mikono kifuani.

Kikombe kikaanza kujaa. Juu dizeli ya njano, chini maji meupe. Maji yakapanda. Nami nayahimiza kimoyomoyo: pandeni, pandeni.

"Mke wangu, njoo uone!" mkwe wangu akapiga kelele. Akazima pampu, akafungua koki, maji yakaingia kwenye kopo. Akafunga, akawasha tena. Yakaja mengine, akayamwaga. Yakaja tena, akamwaga tena, hana haraka, mpaka kikombe kikawa njano kitupu juu mpaka chini.

"Yule muuza mafuta ni mwizi!" akasema. "Ametia maji!"

"Mwizi mkubwa," nikasema. "Watu siku hizi hawana haya."

"Kwa lile chujio la zamani," Grisi akasema, "msingefika hata kona ya pili."

Binti yangu akainama, akatazama lile kopo. Nilimzaa mwenyewe, namjua. Akikunja mikono amekataa. Mikono ikakunjuka.

"Yote haya limeyakamata?"

"Yote!"

"Basi twende," akasema.

Ningesema nini? Kwamba muuza mafuta ni mtu mwema?

"Leo hii?" nikauliza.

"Vitu si viko juu, mama?"

Mkwe wangu akawasha injini. Iliitika mara moja, ikatulia, ikanguruma taratibu kama mtu aliyeshiba. Nikasogea nyuma karibu na bomba la moshi, nikategesha sikio la kulia, ndilo zima. Nilisubiri kikohozi. Hakuna.

"Mama, utakuja kututembelea," mkwe wangu akasema dirishani.

"Kwa goti lipi?"

"Nitakuja kukuchukua! Sasa lori hili linafika popote."

"Ndiyo, baba. Naliona."

Binti yangu akapanda, akaweka vifurushi vyake miguuni, akageuka na kunyoosha mikono. "Mama, nipe mtoto."

Nikatazama kama kuna mwingine wa kumpa. Mkwe wangu alikuwa kwenye usukani. Grisi alikuwa mweusi mpaka viwikoni. Nikaenda kitandani kwangu, nikamwinua mjukuu na usingizi wake wote. Alinishika ukosi wa gauni. Pale mlangoni pa lori nikamfungua vidole kimoja kimoja, nikamnyanyua juu ya kichwa changu, goti linanililia, mpaka nikahisi uzito wake umehama.

"Funga mlango sawasawa," nikamwambia binti yangu. "Usije ukafunguka njiani."