Kura Iliyoandikwa Pembeni

Mtaani kwetu wananiita Popo. Si kwa sababu natembea usiku. Saa mbili tayari nimejifunika shuka. Ni kwa sababu popo, wanavyosema, akienda kwa ndege anaonyesha mabawa, akienda kwa wanyama anaonyesha meno. Kwangu mimi wamekosea. Mabawa na meno nimewaonyesha wote, mchana kweupe, na ndiyo maana hakuna anayenitaka.

Vyama vyenye watu hapa ni viwili, na tunaviita kwa alama zao: Ngazi na Mwavuli. Ngazi wanataka kila mtoto asome bure hadi kidato cha mwisho. Mimi ni karani wa shule mwaka wa ishirini na tatu sasa, nimeandika barua za kuwarudisha watoto nyumbani mpaka kidole kikaota sugu, kwa hiyo hapo niko na Ngazi kwa moyo wote. Lakini Ngazi hao hao wanataka maji ya bomba yakabidhiwe kampuni, na Mwavuli wanakataa. Hapo niko na Mwavuli. Nao Mwavuli wanasema shule zijitegemee, yaani maskini ajitegemee kutosoma. Ukiyasema haya yote kwa pumzi moja watu wanakukodolea macho. "Sasa wewe uko wapi? Njia mbili zilimshinda fisi." Nawajibu kwamba fisi alishindwa kwa tamaa ya nyama. Mimi nyama siitaki, nataka maji na shule. Wanacheka, halafu wanahamia benchi jingine.

Kaka yangu, tumbo moja, ni mwenyekiti wa tawi la Ngazi kwa miaka kumi na minane. Hata mkewe humwita Mwenyekiti. Miaka miwili iliyopita, sebuleni kwake, mbele ya wageni wa chama, nilisema neno langu kuhusu maji. Akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "Mtu asiye na upande hana ndugu." Wageni wakapiga makofi. Nilichukua mkoba wangu nikatoka polepole makusudi, nikimpa nafasi ya kunifuata mlangoni. Hakunifuata. Tangu siku hiyo tukikutana njiani ananipita kama nguzo ya umeme. Mume wangu alishatangulia, mtoto hatukujaliwa, wazazi wamelala. Kwa hiyo ndugu niliyebaki naye duniani ni yule aliyesema sina ndugu.

Uchaguzi ulipofika nikateuliwa msimamizi wa kituo cha shuleni kwetu. Vyama vyote viwili viliniafiki bila ubishi, kwa kuwa kila kimoja kinanichukia sawasawa na kingine. Nikaapa kulinda siri ya mpiga kura. Nikapiga kura yangu kabla ya watu wote, mlango haujafunguliwa, kama wasimamizi wanavyofanya. Nilisimama ndani ya kile kiboksi cha karatasi ngumu muda mrefu, kalamu mkononi, hadi askari wa mlangoni akakohoa. Nilimpa nani, tutafika huko.

Saa kumi alasiri tukafunga mlango na kuanza kuhesabu, jua bado linapiga ubaoni. Mezani tulikuwa watatu. Kulia, wakala wa Ngazi, muuza nyama, aliyevaa shati la kanisani ili asinuke bucha. Kushoto, wakala wa Mwavuli, muuguzi wa zahanati, ambaye wanawe watatu wamepita mikononi mwangu. Kazi yenyewe ni rahisi, inachosha mabega tu: unafunua karatasi, unaiinua juu wote waione, unataja, unaiweka kwenye fungu lake. Ngazi. Mwavuli. Ngazi. Ngazi. Mwavuli.

Karibu na mwisho nikafunua moja isiyo na alama. Ilikuwa na maneno, madogo, yaliyonyooka, yamebanwa pembeni kabisa. Kando ya Ngazi: *Kwa shule, ndiyo. Kwa maji, hapana.* Kando ya Mwavuli: *Kwa maji, ndiyo. Kwa shule, hapana.* Na chini: *Sina pa kuweka alama.*

Maneno yalikuwa yangu, kila moja. Na mwandiko pia ungekuwa wangu, isipokuwa najua nilichofanya asubuhi ile.

Nieleze kidogo. Nilipokuwa na miaka saba niliugua mguu, nikakaa nyumbani mwaka mzima. Aliyenifundisha kuandika ni kaka, kila akirudi shule, kwa chaki, nyuma ya mlango wa jikoni. Alikuwa na k yake ya ajabu: mguu wa mbele unashuka chini ya mstari na kunyooka, kama mzee aliyejinyoosha kwenye mkeka. Nikaiiga. Walimu walinichapa kwa ajili ya k hiyo na haikutoka. Duniani tupo wawili tu tunaoiandika.

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka nikaona aibu, kama mtu anayetaka kucheka msibani. Halafu hasira ikanipanda. Miaka miwili! Miaka miwili nakula peke yangu nikitazama ukuta, nikijiuliza kama akili yangu imekaa upande, kumbe mwenzangu yuko nyumba ya nane kutoka kwangu, anapiga kelele kwenye kipaza sauti.

"Mbona umeganda?" aliuliza muuza nyama. "Inua tuone."

Nikaiinua. Sheria ni sheria: kura yenye maandishi ya kumtambulisha mtu haihesabiwi.

"Imeharibika," nikasema. Sauti yangu mwenyewe ikanichoma.

"Imeharibika wapi?" Muuza nyama aliruka. "Hapo si kasema 'Ngazi, ndiyo'?"

"Na hapa kasema 'Mwavuli, ndiyo'," akasema muuguzi. "Soma yote, baba, usisome kama unakata nyama, unachukua steki unaacha mfupa."

Wakabishana. Kisha muuguzi akaisogelea ile karatasi, akavaa miwani.

"Hii k naijua," akasema. "Iko kwenye cheti cha mwanangu." Akanitazama. "Msimamizi, huu ni mwandiko wako."

Muuza nyama naye akainama. Akaitazama fomu niliyoijaza asubuhi, akaitazama kura. "Haki ya Mungu." Halafu akakunja paji la uso. "Lakini ngoja. Hii k nimeiona na kwingine. Ilikuwa kwenye… subiri kidogo…"

Nilijua alikoiona. Kaka ndiye anayeandika matangazo ya mikutano yao, na muuza nyama ndiye anayeyabandika buchani. Na nilijua yatakayofuata. Katibu wao wa zamani alimpa mkono mgombea wa Mwavuli msibani, mkono tu, wa pole. Wiki hiyo hiyo wakamvua ukatibu, na hadi leo kibanda chake cha kutengeneza redio kinaingiwa na kuku tu. Kwa karatasi hii kaka asingebaki na mtu. Angekuwa kama mimi, na mimi najua kulivyo huku.

"Usijisumbue," nikasema. "Ni yangu."

Hata askari wa mlangoni akageuka.

"Wewe?" akasema muuguzi, na nilisikia kama amesikitika. "Msimamizi mzima?"

"Mimi. Hesabu inakaa sawa, hakuna karatasi iliyozidi. Niliandika asubuhi. Andika: zilizoharibika, moja."

Ngazi mia moja ishirini na moja, Mwavuli tisini na mbili, zilizoharibika moja. Nikatia sahihi na kubandika fomu mlangoni. Kwenye sahihi yangu kuna k.

Habari haina miguu lakini ilinitangulia nyumbani. Kesho yake mwalimu mkuu akaniita na kuniambia kwa upole kwamba uchaguzi mwingine watatafuta mtu "aliyetulia". Saa ya chai walimu wakabana kwenye meza moja kama kuna mvua upande wangu. Dukani, mwenye duka akaniuliza, "Popo, sukari unataka ndiyo, au hapana, au vyote viwili?" Watu wakaangua kicheko. Ulikuwa utani mzuri, lazima nikiri. Siku nyingine ningemjibu. Siku hiyo nilibeba sukari yangu nikaenda.

Siku ya tatu hakuna aliyenisalimu tangu asubuhi hadi jioni. Nilihesabu. Hata mama wa jirani, ambaye hunigongea kila siku kuomba kiberiti, alinunua kiberiti.

Jumapili alasiri nikasikia kelele barabarani. Sauti ya kaka, ile ya mikutanoni. "Niacheni! Huyu ni damu yangu, mimi ndiye nitakayemnyoosha!" Kikundi kilimfuata hadi kwenye lango, muuza nyama akiwa mbele. Kaka akapiga hodi kwa ngumi, akaingia bila kungoja karibu, akaufunga mlango.

Kisha akasimama tu. Amezeeka, nilikuwa sijamtazama karibu. Akavua kofia ya chama, akaketi kwenye kiti cha karibu na jikoni, akaomba maji. Nikampa. Akanywa nusu.

"Watu wanasema umekiri," akasema, kwa sauti ya chini.

"Nimekiri."

"Mwalimu mkuu?"

"Hatanipa kituo tena."

Akatikisa kichwa. Alikuwa akiuangalia mlango wa jikoni. Si ule wa zamani, ule mchwa waliumaliza, lakini aliuangalia hivyo hivyo. Nilingoja. Nilitaka aseme neno moja tu, *mimi*. Nilimwona akilipandisha hadi kooni na kulimeza. Nje mtu alikohoa.

"Na ile nyingine?" akauliza hatimaye.

"Ipi?"

"Kura. Ya kwako wewe. Ulimpa nani?"

Mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nilipiga kura moja, na kwamba niliiandika pembeni. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuuliza nyingine iko wapi. Machozi yalinijaa, nami si mtu wa machozi.

"Ngazi," nikasema. "Kwa ajili ya watoto."

Alinitazama. Midomo ikaanza kumcheza. Akaziba mdomo kwa kofia, mabega yakamtikisika, nami nikashika ukingo wa meza, tukacheka bila sauti, wazee wawili, kama tulivyokuwa tukicheka tukiwa tumeambiwa tulale. Mwenyekiti wa Ngazi aliinyima Ngazi kura, Popo ndiye aliyewapa.

"Kaka," nikasema, "utakuja lini tena?"

Kicheko kikamwishia. Akatazama dirishani, kwenye vichwa vilivyokuwa juu ya ukuta. Akanyoosha mkono akanigusa kichwani, mara moja, kama enzi zile nilipopatia herufi. Akavaa kofia, akaiweka sawa, akakunja uso hadi ukawa ule wa siku zote.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. "Nimemaliza naye!" akanguruma. "Mtu asiye na upande hana ndugu! Mmenisikia?"

Walimsikia, wakamshangilia. Akaendelea kunitukana kwa jina njia nzima, mbele ya kinyozi, mbele ya zahanati, na alinitukana vizuri, kila neno linafika. Nilibaki nyuma ya pazia na glasi yake mkononi, nikimsikiliza mpaka akakata kona. Ndiyo sauti pekee duniani inayojua ninachofikiri, na kwa miaka miwili haikuwahi kulitaja jina langu.