Kofia ya Swichi

Niliporudi kutoka msibani Kalenga, Jumatatu moja ya Julai mwaka sabini na sita, nilikuta barua yangu ya kufukuzwa kazi iko mezani kwa meneja, imechapwa, bado kusainiwa tu. Ilisema mimi, Evarista Kalinga, nimeua kibodi ya teleprinta, mashine ya kupeleka maandishi kwa waya, kwa kugonga herufi kwa nguvu. Nilikuwa sijaigusa kwa siku nane.

Meneja wetu, Ndugu Jailos, nilimdharau tangu aliponiuliza kama ile karatasi ndiyo inayosafiri ndani ya waya mpaka Iringa. Ofisi yetu ya malori pale Iyunga, Mbeya, ilikuwa na teleprinta mbili, moja ya Iringa, nyingine ya Dar es Salaam, na kibodi moja tu ya kuzihudumia zote. Katikati palikuwa na swichi, kisanduku cha chuma chenye mkono: ukiulaza kushoto unaandikia Iringa, kulia unaandikia Dar. Kazi hiyo mtoto wa darasa la pili angeiweza.

"Fundi anakuja," Jailos aliniambia. "Wewe kaa pale kwenye benchi, usiguse kitu."

Nikakaa siku mbili. Mume wangu alikuwa hana kazi tangu Pasaka, na mshahara uliokuwa unatulisha nyumbani Ilomba ulikuwa huu wangu.

Fundi alikuwa Timotheo, wa Iringa, mwenye kalamu nne mfukoni. Aliniamkia kwa Kihehe, "Kamwene," nikamjibu, kisha akanisahau. Alifungua kibodi, akapuliza vumbi, akapaka mafuta, akaifunga, akabakiwa na skrubu mbili mkononi. Hizo alizitia mfukoni bila haya. Kisha akanywa chai.

"Herufi zimechoka," akasema. "Huyu dada ana mkono mzito."

Jailos akatikisa kichwa kama daktari.

Wakati huo huo teleprinta zote mbili zilikuwa zinapokea. Iringa waliuliza lori la mbolea liko wapi, Dar wakauliza hivyo hivyo, karatasi zikajaa sakafuni. Basi nyaya zilikuwa nzima. Na kila Timotheo alipobonyeza herufi, kibodi ilitoa mlio wake ule ule ninaoujua. Basi kibodi nayo ilikuwa nzima. Kilichobaki ni swichi, na swichi ilikuwa imevaa kofia.

Ndiyo, kofia. Mke wa Jailos, Mama Alinanuswe, alikuwa na kitambaa kwa kila kitu: redio, birika, hata saa ya mezani. Nilipokuwa msibani alikuja kukivalisha kile kisanduku mfuko wa sufu nyekundu, mnene, umebana mpaka chini. Hawa wanaume wawili walikuwa wanaugeuza mkono juu ya sufu hiyo, na sufu ilikuwa inaurudisha katikati, pasipo Iringa wala Dar. Hakuna aliyethubutu kuivua. Mgeni havui kitambaa cha mke wa mtu, na Jailos alimwogopa mkewe kuliko alivyoiogopa kampuni.

Nikasimama. Jailos akasema, "Nimekwambia ukae." Nikaivua ile kofia, nikaulaza mkono kushoto hadi ukalia, nikaketi, nikaandika: IRINGA MNANIPATA. Jibu likaja palepale: TUNAKUPATA. ELEZENI SABABU YA HITILAFU.

Timotheo akaanza kukusanya bisibisi zake.

"Ndugu Meneja," nikasema, vidole vikiwa juu ya herufi, "niandike sababu gani?"

Alitazama ile sufu nyekundu mapajani mwangu. Masikio yake yaliiva. "Andika hitilafu imekwisha."

"Wameuliza sababu."

Alikwenda mezani kwake, akarudi na barua yangu, akanyoosha mkono kuitia kwenye jiko la mkaa lililochemshia chai. Nikamwambia anipe mimi. Akanipa. Nikawaandikia Iringa kwamba swichi ilikuwa imelegea na sasa imekazwa, nikamwona anapumua.

"Na hicho kitambaa, dada," akasema polepole. Alikuwa hajawahi kuniita dada. "Mama Alinanuswe atakiulizia."

Niliikunja barua, nikaitia ndani ya kofia, nikavifungia vyote kwenye droo yangu.

"Akiuliza," nikamwambia, "mlete hapa, nimwonyeshe kilichomo ndani."