Mtani Hakasiriki

Kama hujawahi kuwa na mtani, bado hujatukanwa ukashiba. Raphael, Mgogo wa Makutupora, na Shaaban, Mnyamwezi wa Tabora, walikuwa wametukanana miaka ishirini na ushee katika kituo cha simu mjini Dodoma, na siku ambayo mmoja hakumtukana mwenzake watu waliuliza nani anaumwa. Mababu zao ndio walioanza. Wanyamwezi walipita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, koo zimewakauka, na Wagogo hawakuwapa maji mpaka walipe. Ugomvi wa visima ukaja kugeuka utani, na utani una sheria yake: mtani husema atakalo, na anayeambiwa hakasiriki. Akikasirika, aibu ni yake.

"Mpagazi, tua mzigo wako nje, usituchafulie ofisi," Raphael alikuwa akisema kila asubuhi.

"Ombaomba, leo sina sarafu. Jaribu msikitini," Shaaban alijibu.

Wala hayakuwa maneno matupu. Mama yake Raphael alipofariki, Shaaban alikwenda hadi kijijini, akaingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Alimlaumu marehemu kwamba amekufa kwa uchoyo, ili tu asimpikie mgeni mlenda. Raphael, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, alicheka huku machozi yakimtiririka. Tangu siku ile alimpenda Shaaban kuliko ndugu zake wa tumbo moja, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza.

Basi ukaingia uongozi mpya, na maneno mapya nyuma yake. Soko huria. Mwekezaji. Ubinafsishaji. Waliokuja Dodoma kwa vikao vya Bunge waliyatamka kama watu waliogundua sukari, na redio iliyarudia asubuhi, mchana na jioni. Shirika la Simu za Nyanda, lililomwajiri Raphael akiwa kijana, nalo likatajwa miongoni mwa mashirika ya kuuzwa. Wenzake walinuna. Raphael alifurahi.

"Tulijifungia ndani kama wachawi," aliwaambia kantini. "Acheni milango ifunguliwe. Mwekezaji ataleta mitambo mipya, simu za kutembea nazo mfukoni. Mtu ataongea na Mwanza akiwa chooni!"

Alikuwa na sababu ya kufurahi. Habari iliyoshuka kutoka makao makuu ilisema mwekezaji atabakiza fundi mmoja tu wa zamani kituoni Dodoma, awe msimamizi wa mitambo, na nyumba ya shirika pale Makole itabaki kuwa ya msimamizi huyo. Waliofaa walikuwa wawili, Raphael na Shaaban, na Raphael ndiye aliyetangulia kuajiriwa; na desturi ilikuwa aliyetangulia ndiye abaki. Katika nyumba hiyo aliishi tayari. Watoto wake wote walizaliwa humo, na kitinda mimba, Debora, alikuwa bado anasoma shule ya jirani. Huko Makutupora hakuwa na kitu ila shamba la zabibu na kibanda cha udongo cha kuwekea jembe. Nyumba ikiondoka, familia nzima ingehamia kwenye jembe.

Lakini aliyekaimu umeneja alikuwa Shaaban, na kazi ya kutaja wa kupunguzwa alipewa yeye. Utaratibu ulitangazwa wazi. Kila anayepunguzwa ataambiwa ana kwa ana na mkuu wake, mbele ya wajumbe wawili wa chama cha wafanyakazi. Akiwa na pingamizi, alipeleke kwenye kamati ndani ya wiki mbili. Akinyamaza, amekubali. Raphael aliyasikia hayo kama kila mtu, na kichwani mwake aliona mtu anaitwa ofisini, mlango unafungwa, sauti zinashushwa, kama watu wanaopeana habari ya msiba.

Jumatatu moja mchana, kantini imejaa, Shaaban aliingia akifuatwa na Iddy na Aneth, wajumbe wa chama. Alisimama mbele ya meza ya Raphael, akaweka mikono kiunoni, akapaza sauti.

"Wewe Mgogo! Acha kulamba sahani, nisikilize. Mimi, kaimu meneja, nakwambia mbele ya hawa wawili: umepunguzwa kazi. Una wiki mbili za kupeleka pingamizi. Mwisho wa mwezi nautaka ufunguo wa nyumba yangu ya Makole, halafu ukakae na wenzako pale stendi na bakuli lako."

Kantini ililipuka kwa kicheko. Mtu mmoja aligonga meza kwa kijiko. Raphael naye alicheka, akafuta midomo taratibu, maana jibu zuri halitaki haraka.

"Sina pingamizi," alisema. "Ufunguo nitakuletea mwenyewe. Ila babu yako bado anadaiwa maji ya kisimani kwetu, mpagazi wewe. Ukihamia Makole utalala uani na mizigo yako, kitanda hujazoea!"

Kicheko kikazidi. Iddy alitazama viatu vyake. Aneth, binti mwenye huruma, aliinama kidogo.

"Mzee Raphael, umeelewa lakini alichokwambia?"

"Nimeelewa sana, binti yangu. Huyu namwelewa tangu kabla hujazaliwa."

Aneth alimtazama Shaaban, Shaaban akamtazama yeye, na macho ya Shaaban hayakuwa na utani hata chembe. Aneth alikuwa na kazi ya kuilinda, kama wote. Alinyamaza. Mimi simsamehei, lakini kwa zamani zile waliothubutu kusema walihesabika.

Jioni Raphael alimsimulia mkewe kisa kizima, akiigiza sauti zote mbili. Dorothea hakucheka.

"Baba Debora, na wale wa chama walikuwepo?"

"Walikuwepo. Hata wao walivunjika mbavu."

"Na wewe ukasema huna pingamizi?"

"Ungetaka nilie? Mtu akikutania ukamjibu kwa kulia, si utakuwa umeshindwa?"

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema Dorothea. "Nenda kesho kamuulize. Mkiwa wawili tu, bila watu."

Raphael alikataa. Kumfuata mtani chemba ukamuulize kama alimaanisha, hilo kwa Mgogo ni sawa na kuvua nguo sokoni. Angesimuliwa mpaka Tabora. Tena, alimwambia mkewe, mtu aliyelala kaburini mwa mama yangu hawezi kunifukia mimi. Dorothea alifikiria kwenda mwenyewe, akaona haya kumwaibisha mumewe mbele ya wafanyakazi. Wiki ya kwanza ikapita, watani wakiendelea kutukanana kila asubuhi, na Shaaban akizidisha. "Bado hujafungasha, ombaomba?" aliuliza, na Raphael akajibu kwamba anamsubiri mpagazi wa kumbebea. Wiki ya pili Raphael aliomba ruhusa akaenda Makutupora kupogoa mizabibu. Shaaban alimpa ruhusa hiyo bila swali, akamwongezea na siku mbili.

Alirudi akiwa na matope kwenye viatu, akakuta kijana mgeni mlangoni kwake Makole, amevaa shati jipya la kampuni. Kijana alimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Nimetumwa kuchukua ufunguo. Muda wa pingamizi ulikwisha Jumatatu, na wajumbe wamethibitisha kwamba ulikubali kwa kinywa chako. Bwana Shaaban anahamia kesho."

Dorothea alikuwa ameketi uani juu ya gunia la nguo.

Raphael alikwenda kituoni kwa miguu, karibu kukimbia. Siku hiyo mwekezaji alikuwa amekuja kupokea kituo. Kantini ilikuwa na vitambaa mezani, pilau, soda na mvinyo wa Dodoma, na Shaaban amevaa suti, amesimama kando ya mzungu mrefu mwenye uso mwekundu. Raphael alisukuma watu mpaka mbele.

"Umeniua!" alipiga kelele. "Shaaban, umeniua! Umeninyang'anya nyumba, umenitupia watoto barabarani! Nyoka wewe!"

Shaaban akacheka, cheko lile lile la kila asubuhi, na kantini nzima ikamfuata, yowe na vigelegele. Walikuwa wamemkosa Mgogo wao wiki nzima. Mzungu aliuliza kuna nini, na mtu wa makao makuu akamweleza kwa Kiingereza kwamba hiyo ni mila, makabila mawili yanataniana, ndiyo sababu nchi hii ina amani. Mzungu alifurahi sana. Alipiga makofi.

"Sitanii!" alilia Raphael. "Jamani, sitanii!"

Walicheka zaidi. Mzee mmoja wa stoo alisema leo Mgogo amejiandaa. Raphael aliinua ngumi. Shaaban aliudaka mkono huo hewani, akamkumbatia, akamzungusha kama wanaocheza ngoma, na mdomo wake ukawa kwenye sikio la Raphael.

"Alitakiwa mmoja," alinong'ona. "Nami nina watoto. Ungeleta pingamizi ningeondoka mimi, na wewe usingenionea huruma."

Kisha akamwachia, akageukia watu na mikono juu.

"Mpeni pilau huyu ombaomba! Ndicho kilichomleta!"

Aneth alikuwa karibu na sufuria. Alipakua sahani, akaijaza, akaweka na mnofu juu, akamkabidhi Raphael bila kumtazama usoni. Raphael aliipokea, maana mikono hupokea inapopewa, na akasimama nayo katikati ya kantini, analia kwa sauti, kamasi zikimtoka. Waliokuwa jirani naye walishika mbavu, wakaambiana kwamba kwa kuigiza, Wagogo hawana mpinzani.