Noti ya Faustina

Pale Uyole, Budeba alipomkuta Abdul amekaa kwenye gari na gitaa jipya mapajani, alijua safari hii ni ya kumtoa yeye kwenye bendi.

"Huyu anaenda kutembea?" aliuliza.

Halfani, mwimbaji wao, mwenye duka la vitenge Mwanjelwa, hakugeuka. "Mpwa wangu huyo, anaenda kupiga. Solo mtagawana. Mwenye studio anayekuja kutusikiliza akimpenda yeye, wewe utapumzika, mzee."

Budeba alikuwa na miaka arobaini na saba, na bendi aliianzisha yeye. Aliuza madume mawili ya ng'ombe kule kwao Usangu, akanunua gitaa lililomzidi umri na kinanda cha umeme kilichokuwa kimetupwa stoo ya kanisa, kizito kama kabati, kinabebwa na watu wanne. Halfani alikuja baadaye, na sauti nzuri na mdomo mrefu. Walipiga roki ya zamani, ya miaka ya sitini na sabini, gitaa linakwaruza, kinanda kinalia kama kinaumwa. Watu wa Mbeya waliwacheka mpaka wakawazoea.

Kinanda kile kilikuwa na tabia yake. Ndani kina mota, na mota inafuata umeme. Jenereta ikilegea, sauti nzima inashuka na hakuna wa kuipandisha. Kwa hiyo walikuwa na desturi: kabla ya wimbo wa kwanza Faustina, mpiga kinanda, anabonyeza noti moja, anaishikilia, na kila mwenye nyuzi anakaza au kulegeza mpaka alingane naye. Watu wanasubiri. Miaka tisa walifanya hivyo.

Ipogolo, walikokwenda kupiga, walikuta umeme umekatika. Jukwaa lilikuwa uwanjani kando ya barabara kuu, saa tano asubuhi, jenereta moja inanguruma nyuma ya mahema. Faustina akabonyeza noti yake. Halfani akampungia mkono aache.

"Leo tunalinganisha nyuzi kwa simu. Abdul, ukimaliza mpe Saulo. Mwenye studio amekaa pale, tusimchoshe na mambo ya kwaya."

"Simu haipigi na sisi," Budeba alisema.

"Simu haikosei. Unayekosea ni wewe. Ukishindwa mambo ya watu, rudi ukachunge."

Abdul alicheka. Saulo, mpiga besi, aliangalia viatu vyake.

Budeba angeweza kusema kwamba kinanda hakifuati simu, kinafuata jenereta. Halfani hakuwahi kuuliza kwa nini wanasubiri ile noti, na Faustina alijua kupiga tu. Aliyewahi kukifungua kinanda kwa bisibisi ni Budeba peke yake. Akamwona mama wa chipsi akichomeka jiko lake kwenye waya uleule. Jenereta ikaguna, ikashuka. Budeba akafunga mdomo. Faustina alikuwa anajaribu vidole polepole. Budeba akainamisha sikio kwake, akalegeza uzi mmoja mmoja mpaka zote zikalingana naye.

Wimbo ulianza vibaya. Kinanda na gitaa la Budeba vilikwenda huku, besi na Abdul wakaenda kule. Halfani alisikiliza kidogo, akamfuata Budeba na kuchomoa waya wa gitaa lake mbele ya watu.

"Umelewa?" alimwuliza kwenye maiki, na uwanja mzima ukacheka.

Lakini muziki haukutengemaa. Kinanda bado kiligombana na wenzake. Halfani akamfanyia Faustina ishara, Faustina akaondoa mikono. Ikabaki besi, dramu na gitaa safi la Abdul, bendi kama ya harusi yoyote. Mwenye studio, mama mmoja wa miwani, alifunga daftari lake kabla wimbo wa pili haujaanza, akaondoka.

Nyuma ya jukwaa Halfani alimnyooshea Budeba kidole. "Umefanya makusudi."

"Nimelingana na kinanda. Kama siku zote."

"Kaka Budeba," Faustina alisema. "Ulijua?"

Kwa hasira ya Halfani, Budeba alikuwa ameshajiandaa. Swali hili hakulitegemea.

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Huyu alinitukana."

"Mimi sikukutukana. Nimeaibika mbele ya watu wote wale, na wewe unaniangalia."



Walirudi kwa gari lile lile, kinanda katikati. Walipofika Igawa, karibu na kwao Usangu, Budeba alimwambia dereva asimame. Alishuka na gitaa lake.

"Na kabati lako?" Halfani aliuliza. "Mimi sibebi mizigo ya watu mpaka Mbeya."

Budeba alimwangalia Faustina. Akisema kinanda kibaki garini, kitabaki, na labda bendi itabaki nacho. Faustina aligeuza uso, akaangalia dirisha la upande wa pili.

"Kishusheni," Budeba alisema.

Wakakishusha wanne: Halfani, Abdul, Saulo na yeye mwenyewe. Halfani alihesabu moja, mbili, tatu, kama walivyozoea, na wote wakainua pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho iliyofanywa na bendi ile. Gari likaondoka.

Budeba alisubiri vumbi litue, akashika ncha moja ya kinanda, akavuta. Hakikusogea.